Meza ya Amoding

Changamwe, Mombasa
6 Juni 1965

Mwanangu Protus,

Barua yako kutoka chuo cha reli Nairobi imefika. Nimeisoma kwa macho kwanza, kisha kwa sauti ili Mzee Callistus naye asikie, kwa kuwa miwani yake ameikalia tena. Sisi ni wazima. Mzee wangu anagombana na goti lake na kuku wa jirani. Goti linamshinda, kuku anawaweza.

Kwa hiyo Reli inakupeleka Malaba. Wenzako wanapelekwa Nakuru na Kisumu, wewe unapelekwa kwenu, mahali ambapo hujakanyaga tangu nilipokutoa huko nimekubeba mgongoni ukiwa hujaota meno. Nilicheka. Marehemu kaka yangu angefurahi kuona mwanawe anarudi akiwa karani wa mizigo, amevaa kofia.

Sasa nisikilize, maana mwenyeji ni mimi. Ukishuka stesheni usiulize njia kwa Kiswahili chetu cha pwani, watakupandishia bei mpaka ya chumvi. Sema "yoga", ndiyo salamu yetu Wateso, halafu tabasamu uwaachie wao maneno. Upande wa Uganda utaona jiwe la Tororo limesimama peke yake. Likijifunika wingu, beba mwavuli hata kama utosini kwako ni jua tupu. Mbele ya stesheni kuna mvule mkubwa, na hapo anakaa fundi baiskeli mwenye maneno mengi. Mpite upesi. Ukialikwa kwenye chungu cha ajon, ile pombe yetu ya wimbi, shika mrija kwa mkono wa kulia, usipulize, usichungulie chunguni kama mtu aliyedondosha funguo, na chafya ikikujia ondoka kabisa. Kwetu mtu hupimwa kwa mrija kabla ya kupimwa kwa cheti.

Na tumbo lako nalijua. Pale kuna Amoding, mke wa Ikapel. Tulichunga mbuzi pamoja tukiwa wasichana. Nasikia siku hizi ana hoteli kwenye njia ya malori. Kula hapo, usile kwingine. Mpe mkono kwa heshima, msaidie kuteremsha sufuria, mwite mama. Mungu hakumpa mtoto wa kiume, nawe mama yako hukumjua. Mtafaana.

Shangazi yako,
Anyait

Malaba
18 Julai 1965

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu za mtu aliyefika salama na anayeandika akiwa ameshiba. Mpe Mzee Callistus pole ya goti na pongezi za kuku.

Mvule wako haupo. Umekatwa zamani, nami nilisimama mbele ya stesheni nikiutafuta mpaka mtu akaniuliza kama nimepoteza ng'ombe. Fundi baiskeli yupo, na maneno yake yapo. Jiwe la Tororo ni kweli tupu. Siku ya kwanza nililidharau, nikalowa mpaka soksi.

Hoteli ya Amoding niliipata kwa harufu. Ni nyumba ya udongo yenye paa la mabati, benchi mbili, meza moja ndefu. Madereva wa malori na mataniboi wao wamejaa, na wote, hata Wakikuyu, wanamwita "toto", yaani mama. Nikasema yoga, kisha nikasahau ushauri wako nikaanza kujieleza. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ni nani anaongea Kiswahili kama redio?"

Nikamwambia nimetumwa na Anyait.

"Anyait? Anyait aliiba ndizi ya mama yangu akasema ni nyani." Halafu akavuta benchi. "Kaa hapa karibu na moto. Ukule kwanza. Salamu haishibishi mtu."

Nililetewa atap, ule ugali wa wimbi mweusi, na majani ya kunde yaliyopikwa kwa karanga. Shangazi, nakuheshimu sana, lakini wewe hujawahi kunipikia hivyo.

Wako,
Protus

Changamwe
9 Agosti 1965

Protus,

Sisi ni wazima, ingawa mmoja wetu ametukanwa upishi wake na mtoto aliyemlea. Ndizi ile ilikuwa moja, tena mbovu. Mwambie hivyo.

Ukipata siku ya mapumziko nenda Busia sokoni. Samaki wa Busia mwangalie jicho kwanza, muuzaji mwangalie baadaye. Wakikuita "ssebo", yaani bwana, ujue ni Waganda, wana adabu nyingi na bei zao nazo zina urefu. Usivuke upande wa pili ukiwa na njaa, utarudi na ndizi za mkungu mzima na huna wa kukupikia.

Kula vizuri. Andika herufi kubwa, macho yangu si yale.

Shangazi

Malaba
3 Oktoba 1965

Shangazi mpendwa,

Kazi ni nzuri, mabehewa ya pamba yanapita, msimamizi wangu hapigi kelele isipokuwa Jumatatu.

Nilikwenda Busia na Kariuki, dereva wa lori anayekula meza moja na mimi. Samaki nilimwangalia jicho, naye akaniangalia. Nikamnunua, nikampelekea Amoding. Akamnusa, akasema, "Hii samaki imekufa mwaka ya Uhuru," akamtupia paka. Paka naye akafikiri kwanza.

Nakuambia kweli, Shangazi, sijawahi kukaa mahali nikapendwa bila kujua nimefanya nini. Asubuhi nikichelewa ananiwekea chai chini ya kifuniko. Niliposhikwa na malaria alikuja mwenyewe hadi chumbani kwangu na uji, akakaa nami mpaka nikaumaliza, akininunia kama nimeugua makusudi. Jioni namshikia sufuria, naye ananihadithia habari zako ambazo hutaki nizijue. Kifungo cha shati langu kikikatika anakiona kabla yangu. Wewe ulinilea, na hilo halina mwenza. Lakini hukunilea hapa, ambako kila kitu kinafanana na sura yangu. Sijui kama naeleweka.

Protus

Malaba
12 Desemba 1965

Shangazi mpendwa,

Salamu. Mimi mzima. Mvua imeacha. Kariuki anakusalimu. Treni zinachelewa. Vyuo vimefunga na walimu wanafunzi wamerudi makwao. Nakutakia Krismasi njema wewe na Mzee Callistus.

Protus

Changamwe
28 Desemba 1965

Mwanangu,

Tumesherehekea vizuri. Kuku wa jirani amepatikana na hatia, tukamla pamoja na jirani mwenyewe, amani imerudi.

Barua yako ya mwisho nimeigeuza mbele na nyuma nikitafuta chakula. Hakuna. Si atap, si chai, si karanga. Tangu ufike Malaba hujawahi kuniandikia mistari mitatu bila kutaja sufuria. Mtu wa ukoo wetu akiacha kuzungumzia chakula, ama ni mgonjwa ama amependa. Wagonjwa hawaandiki habari za vyuo kufungwa.

Ni nani? Binti wa nani? Usinijibu kwamba treni zinachelewa.

Shangazi

Malaba
30 Januari 1966

Shangazi,

Nakusalimu, ingawa mkono ni mzito.

Anaitwa Amoit. Anasomea ualimu Kakamega, na alikuja nyumbani Desemba. Ni binti wa Amoding. Nilimwona kwa mara ya kwanza amekaa kwenye benchi langu, karibu na moto, anasoma gazeti. Nikamwambia hapo ni pangu. Akasema, "Mimi nilizaliwa kwa hiyo kona, wewe umekuja jana na treni." Nikahamia benchi la pili, nawe unajua si kawaida yangu.

Tulielewana. Kabla hajarudi chuoni nilimwomba Mzee Omoding, yule binamu wa baba, apeleke neno la posa kwa Ikapel, mume wa Amoding. Alikwenda Jumapili, Amoit akaondoka siku ile ile kwa basi. Mzee alipotoka alinipitia stesheni akiwa na haraka, anakwenda msibani Nambale, akasema tu, "Imesikika," akapanda baiskeli.

Kesho yake asubuhi nikaenda kunywa chai kama siku zote. Niliingia nimechana nywele. Amoding alikuwa ameinamia karai la mandazi. Nikasema, "Yoga, mama," na mkono nimeunyoosha. Akageuka. Aliponiona, Shangazi, alijifunika uso kwa aproni, akapiga mbio akatoka kwa mlango wa nyuma. Benchi likaanguka. Mandazi yakaungua, hakuna aliyeyaokoa. Wateso waliokuwa wakinywa chai walicheka mpaka wakashika matumbo. Kariuki hakucheka. Alinishika bega akasema, "Bwana, mimi nimeona watu wakikataliwa. Lakini wewe umekataliwa mpaka mandazi imeungua."

Nikadhani labda alishtuka tu. Jioni nikarudi kumwomba msamaha. Alikuwa anachota maji, akaniona kwa mbali, akaacha ndoo na kuingia katika mahindi ya watu.

Sikujua kama naweza kuumia hivi. Amoit sijamwandikia, nitamwambia nini? Kwamba mama yake ananikimbia kama nyuki? Nilikuwa nikifikiri ananipenda. Kumbe nilikuwa mteja, na mteja akitaka kuwa mtu wa nyumbani anaonyeshwa mlango. Nimemwomba msimamizi anipeleke kituo kingine. Popote. Anasema majibu hayatakawia.

Protus

TELEGRAMU
Mombasa, 7 Februari 1966
Kwa Protus Echodu, Stesheni Malaba
USIHAME. AMEKUBALI. HOTELINI USIINGIE TENA. BARUA YAJA. SHANGAZI

Changamwe
7 Februari 1966

Mwanangu mjinga ninayempenda,

Salamu baadaye. Nimekwenda posta na kanga ya nyumbani kwa ajili yako, na karani wa pale amenisomea telegramu kwa sauti mbele ya watu.

Amoding hakukukataa. Amekukubali kwa miguu yote miwili. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali chungu kimoja. Neno la posa likishapokelewa, heshima inaanza palepale, haingoji harusi. Sasa wewe ukaja asubuhi umechana nywele, unamnyooshea mkono! Hao waliocheka walikuwa wanamcheka mkwe mpya asiyejua mlango wake. Na ukamfuata tena kisimani, masikini, ukamtia kwenye mahindi ya watu akiwa mtu mzima na mgongo wake ule.

Angekuwa amekukataa, angekumiminia chai. Angekuuliza habari za stesheni, akakuwekea mandazi mawili, maana ungebaki mteja wake mpaka kiama. Aliyekimbia ni mama mkwe wako.

Hili hukulijua kwa sababu hapa Changamwe wakwe wa kila mtu wako mwisho wa reli. Nilikufunza mrija nikafikiri nimemaliza.

Rudi kwa msimamizi, ufute uhamisho. Mwandikie Amoit leo.

Shangazi

Malaba
20 Machi 1966

Shangazi mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mzee, na kwa karani wa posta ambaye sasa ananijua.

Uhamisho nimeufuta. Ilikuwa wanipeleke Voi. Barua yako niliisoma nimesimama kati ya mabehewa, nikacheka peke yangu hadi mpiga bendera akaja kuniangalia. Nilishinda na furaha hiyo mchana kutwa. Jioni ilipofika, nikahisi njaa, nikachukua kofia yangu niende kwa Amoding, nikakumbuka. Nikaketi tena kitandani.

Hili ndilo sikulifikiria. Nikimwoa Amoit, nimempoteza mama yake. Sitakaa tena karibu na ule moto. Hatanipa chai mkononi wala kunigombeza kwa ajili ya kifungo. Tutaishi mji mmoja mdogo hivi, na nikimwona upande huu nipite upande ule. Nilimwuliza Mzee Omoding kama hakuna njia ya kulegeza kidogo, kwa kuwa tulishazoeana. Alinitazama kama nimemwomba alegeze Biblia.

Amoit amekuja kwa mapumziko ya siku chache. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Unaoa mimi ama unaoa chai ya mama?"

Nilichelewa kujibu, Shangazi. Kidogo tu. Lakini alihesabu kuchelewa kule, akaenda zake, na tangu hapo anasalimia stesheni nzima isipokuwa mimi.

Nampenda. Usidhani simpendi. Ila nakula sasa kwa Msomali wa kando ya barabara, nyama yake ni nzuri, na kila nikimaliza nabaki na njaa. Ningejua mapema, nadhani ningekwenda polepole zaidi. Niambie nifanye nini.

Protus

Changamwe
17 Aprili 1966

Protus,

Pasaka imepita salama. Goti la Mzee limepona bila kueleza sababu.

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka kwanza kumsikia Amoding. Kariuki wako ameshuka Mombasa na kahawa. Nilimpa wali, naye akanipa ujumbe wa Amoding, ameubeba neno kwa neno tangu Malaba, akirudia njiani asiusahau. Nakuandikia ulivyo: "Mwambie Anyait alinitumia mtoto, na sasa ananinyang'anya na mkono ile ile. Siku hizi napika chai kidogo na bado inabaki. Lakini huyo kijana akiogopa kumchukua Amoit kwa sababu ya tumbo yake, nitamtafuta mimi mwenyewe, na hiyo mwiko ya mkwe ikae kando."

Kariuki anasema alipomaliza kusema hayo aliingia jikoni na hakutoka mpaka lori likaondoka.

Kwa hiyo acha kujihurumia kana kwamba ni wewe tu uliyepoteza. Yeye amepoteza mtoto wa kiume aliyempata uzeeni, na amekubali, kwa sababu anajua hakuna mwingine ambaye angetaka binti yake awe naye. Hiyo heshima ya kukimbia inamuuma. Kama isingemuuma isingekuwa heshima.

Nenda kwa Amoit. Jibu swali lake, na safari hii usichelewe. Mimi nitakuja Agosti kusimama mahali pa kaka yangu. Na Amoit amwambie yule mkaanga mandazi kwamba nakuja na mkungu mzima wa ndizi, aache kunisema kwa watoto.

Shangazi

Malaba
16 Oktoba 1966

Shangazi mpendwa,

Natumaini miguu imepona uvimbe wa safari. Watu hapa bado wanaizungumzia harusi, hasa wewe na Amoding mlivyokaa kwenye benchi moja mkicheka hadi padri akauliza kama mna homa. Mimi nilikuwa nje, upande wa pili wa ukuta, nasikia sauti zenu wala siwaoni. Nilikuonea wivu, nakiri.

Tumepewa nyumba ya Reli, vyumba viwili na jiko. Amoit amemaliza chuo, ameanza kufundisha shule ya hapa karibu. Kuhusu upishi wake, nitasema tu kwamba anafundisha hesabu vizuri sana. Yeye mwenyewe anacheka. Anasema mama yake alimfukuza jikoni akasome, na sasa mwenye kulipia masomo hayo ni mimi. Tuna raha, Shangazi. Nilijibu lile swali upesi na sijalijutia hata siku moja.

Lakini nataka nikueleze jambo la juzi.

Nilitoka kazini nikashika njia ile nyembamba ya katikati ya mahindi. Mbele nikamwona mwanamke amejitwika kikapu. Nilimjua kwa mwendo. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikaingia ndani ya mahindi, nikampa mgongo ili apite. Nikasikia hatua zake zinakuja, kisha zikasimama. Hakusema na mimi. Alisema na mahindi, kwa sauti ile ya kugombana:

"Kuna mtu amekonda hapa Malaba. Kama hiyo mtu iko karibu, asiache hii ipoe."

Kisha akaenda. Nilingoja mpaka sikusikia hatua tena, ndipo nikageuka. Katikati ya njia kulikuwa na sahani ya bati, imefunikwa kwa jani la mgomba. Atap, na majani ya kunde kwa karanga. Vilikuwa moto. Hoteli iko mbali na pale, Shangazi. Hakuwa anapita. Alijua saa yangu ya kutoka kazini, akapika, akakitembeza chakula akiharakisha kisipoe, ili akiweke chini na aende bila kunitazama.

Nilikula nimesimama mle mle ndani ya mahindi na sare yangu ya Reli, nikilia, na sikuona aibu. Nilipomaliza niliiosha sahani mtoni, nikairudisha katikati ya njia, nikasema asante mama kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Leo nimepita tena njia ile. Sahani ilikuwa pale, imefunikwa.

Mwanao,
Protus